Eneo Lako

Buraimi, upande wetu wa uzio,
filamu ile inauzwa riyali moja na baisa mia nne,
ya chenga.
Ya picha ang'avu imeandikwa chini, kwa kijivu:
haipatikani katika eneo lako.

Eneo langu lipi? Nimo jikoni.
Nikifungua dirisha nauona mnara wa Al Ain
na taa zake za kijani, naisikia adhana yao
ikiitangulia yetu kwa pumzi mbili.
Huko inapatikana, kwa dirhamu thelathini na tisa,
mita mia tatu kutoka sufuria hii ya mchuzi wa papa.

Ile ya chenga niliinunua mwaka jana.
Nikamwambia Mama ni ya bure,
maana akisikia bei hukataa hata dawa.
Wadenmaki waliipiga Chake, zamani hizo:
mzungu kapotea, mzungu kaonekana.
Mama hana haja naye.
Dakika ya arobaini na moja, nyuma ya bega la mzungu,
anapita mwanamke na kikapu cha dagaa.
Sekunde nne.
"Thuwaiba," husema. "Simamisha."
Nasimamisha.
Uso ni miraba sita ya rangi ya kahawa.
"Mwendo ni wake. Mguu wa kushoto aliutupa hivyo hivyo,
kama anayempiga paka teke."

Mdogo wake huyo alibaki.
Zikaja barua tatu, halafu basi.

"Ongeza uwazi," aliniambia,
kama redio inavyoongezwa sauti.
"Mama, uwazi unauzwa ng'ambo."
"Ng'ambo wapi?"
Nikamwonyesha dirisha.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakamlegea.

Nilijaribu ujanja.
Nilikwenda na simu hadi kwenye uzio wenyewe,
ikashika mtandao wa kule, ikanikaribisha Imarati,
lakini duka halikudanganyika.
Duka halitazami umesimama wapi,
latazama pesa yako imezaliwa wapi.

Ijumaa nikavuka.
Foleni, kitambulisho, muhuri, jua la saa tano.
Binamu yangu Suleyum ana kadi ya benki ya kule.
Nikampa riyali nne na baisa tisini mkononi,
akazikataa, akaapa, akazichukua.
Gigabaiti tano zilishuka kwa saa mbili,
na mkewe alitupakulia mara mbili pia.

Kurudi, mtu wa forodha akachungulia garini:
"Umebeba kitu?"
Mama mdogo, nikawaza. Sekunde nne zake, amelipiwa.
"Sina kitu," nikasema.
Akanipungia nipite.

Usiku ule, dakika ya arobaini na moja,
nilisimamisha bila kuambiwa.
Kope zahesabika.
Kovu juu ya nyusi, jino la dhahabu,
hata dagaa kikapuni wana macho.
Mama akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Akaufuta kwa ncha ya mtandio. Akatazama.
Friji ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Huyu Bi Mize," akasema,
"muuza vitumbua wa Tibirinzi.
Ananidai senti hamsini."

Watu husema rahisi huvunja upishi.
Ghali inavunja nini, sijapata kusikia.

Aliomba chai, akanywa nusu.
Nikaanza kuzima taa.
"Ile ya riyali moja na mia nne," akasema,
naye bei hiyo sikuwahi kumtajia,
"umeifuta?"
"Ipo, Mama."
"Iweke. Pale pale.
Na Bi Mize usimfute, nina deni lake."